Mzazi Aulizwe Habari za Moyo Wake

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, ambaye ni mtumishi wa Serikali, katika mkutano wa mwaka wa Umoja wetu hapa Chanika.)



Barua ya Kamati iliniomba nizungumzie maendeleo ya eneo letu, na nadhani wengi mnangoja kusikia habari za barabara, viwanja na maji. Hayo ni mambo makubwa, na wamo humu ndani wanaoyajua kuliko mimi. Mimi nimechagua jambo ambalo mpita njia halioni kama anavyoiona barabara. Jambo lenyewe ni hali ya moyo na akili ya mwanamke anapokuwa mjamzito na baada ya kujifungua.

Najua wapo watakaouliza, mambo ya uzazi yamefuata nini katika shule ya wavulana? Jibu langu ni fupi. Kila aliyemo humu amezaliwa na mwanamke. Wengi wetu tuna wake na dada. Na vijana hawa, miaka si mingi, watakuwa waume na baba wa watoto. Mimi si daktari wala muuguzi. Kazi yangu ni ya ofisini, kazi ya kusoma taarifa na kuandika taarifa. Lakini katika kusoma huko nimekutana na kazi za wauguzi wasomi wa mji wetu huu, nikaona si haki zibaki makabatini mwa vyuo wakati wanawake zinaowahusu ni majirani zetu.

Ndugu zangu, tuanze na habari njema. Utafiti wa Taifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, wanawake 556 walifariki kwa sababu za uzazi. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 ulionyesha vifo 104. Utafiti huo wa pili ulionyesha pia kuwa wanawake 81 katika kila 100 walijifungulia katika vituo vya afya. Hapa kwetu Chanika tumejengewa hospitali ya mama na mtoto kwa msaada wa Korea ya Kusini, na wanawake ambao zamani wangesafirishwa hadi mjini usiku wa manane sasa wana mahali pa karibu pa kukimbilia. Asiyeshukuru kwa hayo hana shukrani.

Lakini hesabu hizo zinamhesabu aliyekufa na aliye hai tu. Haziulizi aliye hai anaishi vipi. Mwanamke anaweza kutoka leba akiwa hai, akaandikiwa kuwa amejifungua salama, akarudi nyumbani na jeraha ambalo halina bandeji. Taifa lililopunguza vifo kwa kiasi hicho lina wajibu wa kwenda hatua ya pili, nayo ni kumwangalia yule aliyeokoka.

Yafaa tuelewane kwanza juu ya maneno. Wataalamu wanatenganisha mambo manne ambayo sisi mitaani huyachanganya. La kwanza ni huzuni ya siku za mwanzo. Mzazi hulia bila sababu anayoijua, kwa kawaida kuanzia siku ya tatu au ya nne, na hali hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. La pili ni sonona. Hii haiishi upesi. Mama hukosa usingizi hata mtoto anapolala, hukosa hamu ya chakula, hujiona hafai, na pengine haoni furaha yoyote kwa mtoto aliyemtamani miezi tisa. La tatu ni kiwewe, nacho humpata mtu aliyepitia tisho kubwa, kama vile uchungu wa siku mbili, kutokwa na damu nyingi, kufiwa na mtoto, au kupigwa na kutukanwa. Mwenye kiwewe huyaona yaliyopita kana kwamba yanatokea sasa. Hushtuka ovyo, huota ndoto za kutisha, na huepuka mahali panapomkumbusha. La nne ni kurukwa na akili baada ya kujifungua. Hili ni la nadra, mzazi mmoja au wawili katika kila 1,000, lakini ni la hatari, na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea wajawazito karibu 16 katika kila 100, na karibu 20 katika kila 100 waliojifungua, hupatwa na matatizo ya akili, na hasa sonona. Kwa hiyo wale wanaosema kuwa haya ni maradhi ya Wazungu wenye nafasi ya kujifikiria, wana kazi ya kujibu hesabu hiyo.

Na wana kazi ya kujibu hesabu za hapa hapa nyumbani. Profesa Sylvia Kaaya wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambaye ni daktari wa magonjwa ya akili, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 2010 utafiti uliowahusu wajawazito 787 waliohudhuria kliniki za kawaida Dar es Salaam. Karibu wanne katika kila kumi walikuwa na dalili za sonona. Kabla ya hapo, mwaka 2008, walikuwa wamechapisha habari za orodha ya maswali 19 iliyotungwa hapa hapa Dar es Salaam kwa ajili ya kuitambua sonona. Ninalitaja jambo hilo kwa sababu maalumu. Maswali yaliyotungwa London au Chicago hayaingii moja kwa moja katika mazungumzo yetu. Ukimwuliza mwanamke wa Chanika "Hujambo?", atakujibu "Sijambo", hata kama usiku mzima hakufumba macho, maana ndivyo adabu inavyotaka. Hapana budi ajue kuuliza yule anayeuliza.

Sasa niwaeleze juu ya wauguzi wenyewe.

Wa kwanza ni Dakta Helen Lugina, muuguzi na mkunga. Mwaka 2001 yeye na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanawake wa Dar es Salaam waliojifungua kwa mara ya kwanza, wakifuatilia jinsi mambo yanayowashughulisha wazazi hao yanavyobadilika ndani ya wiki sita. Alichofanya ni kuuliza swali ambalo sisi huwa hatumwulizi mzazi: wewe mwenyewe, ni nini kinachokutia wasiwasi? Desturi yetu ni kuuliza habari za mtoto. Ana kilo ngapi? Ananyonya? Amefanana na nani? Mama husimama kando kama mlinzi wa ghala.

Wa pili ni Dakta Columba Mbekenga, naye muuguzi na mkunga. Yeye aliingia katika vitongoji vya watu wa kipato cha chini hapa Dar es Salaam, akawasikiliza wanawake waliozaa kwa mara ya kwanza. Hakuishia hapo. Aliwasikiliza pia wanaume waliopata mtoto wa kwanza, na kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2011. Akachunguza vilevile msaada ambao wazazi wapya huupata kutoka kwa ndugu na majirani. Na mwaka 2013 yeye na wenzake walichapisha kazi juu ya jambo ambalo sote tunalijua na hatulisemi hadharani, yaani ile miiko ya mume na mke kutengana kwa muda mrefu baada ya kujifungua, kwa hofu ya kumbemenda mtoto. Naomba radhi kwa walimu kulitaja mbele ya vijana, lakini fikirini hali ya huyo mzazi. Anaogopa kuwa akimkaribia mumewe, mtoto atadhoofika na yeye ndiye atakayelaumiwa na mtaa mzima. Anaogopa kuwa asipomkaribia, mume atatoka nje na kuleta maradhi nyumbani. Hofu mbili hizo analala nazo, na hakuna anayemwuliza. Mume naye ana hofu zake, na hajui amwendee nani.

Wa tatu ni Profesa Lilian Mselle, muuguzi na mkunga wa Chuo Kikuu hicho cha Muhimbili. Yeye alikwenda kwa wanawake walioumia zaidi kuliko wote, wenye fistula ya uzazi. Kwa ajili ya vijana nieleze. Uchungu unapozuilika kwa muda mrefu bila msaada, kichwa cha mtoto hubana nyama za ndani za mama hadi zinakufa, na tundu hutokea kati ya njia ya uzazi na kibofu au njia ya haja kubwa. Tangu hapo mkojo au choo hutoka bila kujizuia. Mara nyingi mtoto naye huwa amekufa. Profesa Mselle na wenzake waliwahoji wanawake waliokuwa wakitibiwa katika hospitali ya CCBRT hapa Dar es Salaam na Bugando, Mwanza, na mwaka 2011 wakachapisha waliyoyasikia. Waliyapanga chini ya neno moja, kupoteza. Mwanamke hupoteza mamlaka juu ya mwili wake mwenyewe. Hupoteza nafasi yake ya mke na mama. Hupoteza nafasi yake katika jamii, kwa kuwa hawezi kukaa na wenzake msibani wala harusini. Na mwisho hupoteza heshima yake machoni pake mwenyewe. Kichwa cha makala yao kilibeba maneno yenye maana ya "mimi si kitu".

Ndugu Mwenyekiti, tundu la fistula daktari bingwa anaweza kulishona. CCBRT imekuwa ikiwatibu wanawake hao bila malipo, na tangu mwaka 2009 ilianza kutuma nauli kwa njia ya simu ili mgonjwa aliye mbali asishindwe kufika. Hiyo ni kazi ya kusifiwa. Lakini ile imani ya kwamba "mimi si kitu" haishonwi kwa uzi. Hiyo inatibiwa na watu wanaomzunguka, nyumbani na mtaani.

Nimekwisha kutaja habari za kupigwa, na sitaki kupita haraka. Mwaka 2013 Bathseba Mahenge na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wajawazito 1,180 waliohudhuria kliniki Muhimbili. Wanawake 27 katika kila 100 walisema kuwa katika mimba hiyo hiyo walikuwa wamepigwa au wameingiliwa kwa nguvu na wenzi wao. Uwezekano wa wanawake hao kuwa na dalili za kiwewe, hofu na sonona ulikuwa mkubwa kwa kiasi cha mara tatu hadi nne kuliko wenzao. Kwa hiyo mara nyingine kinachomwumiza mzazi hakitoki leba wala hakitoki kwa Mungu. Kinatoka chumbani, na kimevaa suruali kama mimi na wewe.

Sasa turudi hapa petu. Sisi tuliosoma hapa miaka ya tisini tunaikumbuka Chanika ya mihogo, minazi na mikorosho. Leo Chanika ni mji. Watu wamehamia kutoka kila mkoa, wamenunua viwanja vidogo, wamepanga vyumba, na alfajiri wanapanda daladala kwenda Gongo la Mboto, Buguruni na Kariakoo kutafuta riziki. Ni maendeleo. Lakini katika kuhama huko kuna kitu kimeachwa nyuma.

Zamani mzazi wa pwani alikaa ndani siku arobaini. Mama yake au mkwewe alikuja na kikapu chake; alimkanda kwa maji ya moto, akampikia uji, akamchukua mtoto usiku ili mama alale. Wakubwa walimwita "mzazi", na katika siku hizo neno hilo lilikuwa na cheo. Tuseme kweli, wale bibi hawakuwa na elimu ya magonjwa ya akili, na baadhi ya waliyofanya wakunga wa leo hawayakubali. Hata hivyo mzazi hakuwa peke yake saa nane ya usiku. Leo mama mkwe yuko Singida au Songea, nauli ni kubwa, na chumba ni kimoja. Mume anaondoka kabla ya jua kuchomoza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa aliyejifungua likizo ya siku 84, au siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na baba siku 3. Lakini mke wa jirani yako anayeuza maandazi hana mwajiri wa kumwomba likizo. Wiki ya tatu karai liko motoni tena.

Nitawapa mfano mmoja, wala sitamtaja mtu wala hospitali. Katika mtaa wangu alikuwapo mwanamke kijana aliyekaa na uchungu siku mbili, na mtoto akazaliwa amekufa. Waliokuja kumpa pole walimwambia, "Mshukuru Mungu, wewe umesalia, utazaa mwingine." Walisema kwa nia njema. Baada ya mwezi mmoja alikuwa hapiti barabara ya hospitali, akizunguka mbali hata kwenda sokoni. Usiku aliamka akidai kuwa anasikia mtoto analia. Mumewe, fundi ujenzi, mtu mpole, alimwona mvivu kwanza, halafu akadhani amerogwa. Fedha ya matofali ikaenda kwa waganga.

Aliyemsaidia alikuwa mama mmoja wa mtaa huo huo, muuguzi mstaafu. Alikwenda, akakaa kwenye mkeka, akamwuliza, "Mwanangu, siku ile ilikuwaje?" Halafu akanyamaza akasikiliza. Alikwenda tena wiki iliyofuata, na nyingine. Ndiye aliyemweleza mume kuwa haya ni maradhi na yana jina, na ndiye aliyewashika mkono wote wawili hadi hospitali ya mkoa walikopewa matibabu. Sisemi kwamba maumivu yaliisha. Nasema kwamba baada ya miezi kadhaa alipita tena barabara ile, na mumewe alikuwa pamoja naye.

Mbinu ya kusikiliza haidharauliwi na wataalamu. Zimbabwe, tangu mwaka 2006, Dakta Dixon Chibanda alianza katika kitongoji cha Mbare, Harare, kuwafundisha kina bibi 14 kuwasikiliza wagonjwa wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya zahanati. Mpango huo ukapimwa kitaalamu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yakaonyesha kuwa waliohudumiwa na wasaidizi hao wa mtaa walipungukiwa dalili za sonona kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Kina bibi wenye busara hata Chanika wapo.

Labda mtu atasema kuwa haya ni mageni katika utaratibu wetu. Si mageni. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu, kifungu cha 199, inasema kuwa mama akisababisha kifo cha mtoto wake wa chini ya miezi 12 wakati akili yake haijatulia kwa sababu ya kujifungua au kunyonyesha, kosa lake halihesabiwi kuwa mauaji ya kukusudia. Huitwa kosa la kuua mtoto mchanga, na adhabu yake huwa kama ya kuua bila kukusudia. Basi tazameni, ndugu zangu. Sheria inakubali kuwa uzazi unaweza kuvuruga akili ya mtu mwema. Lakini inakubali mahakamani, mtoto akiwa kaburini. Sisi tunashindwaje kukubali mapema, mtoto akiwa hai na mama akiwa bado anaweza kusaidiwa?

Nimalizie kwa kutaja yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, tuwe na desturi ya kuuliza. Ukienda kumtazama mzazi, kabla ya kumfunua mtoto usoni, mwulize mama amelala vipi, anakula vipi, na siku ya kujifungua ilikuwaje. Akianza kulia usimnyamazishe.

Pili, wanaume twende kliniki na wake zetu. Shirika la Afya Duniani linashauri mzazi aangaliwe kituoni saa 24 za kwanza, halafu kati ya saa 48 na 72, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya sita. Mara nyingi mama akijisikia ana nguvu haendi, na sisi hatumkumbushi. Nenda naye, na mweleze muuguzi unayoyaona nyumbani usiku, maana yeye hayaoni.

Tatu, hali ikipita wiki mbili, tusiseme "atazoea". Twende zahanati au kituo cha afya, na huko tuombe barua ya kwenda hospitali ya mkoa kama Amana, ambayo inaweza kumpeleka mgonjwa Muhimbili. Na mama akisema maneno ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, tusingoje hata asubuhi.

Nne, napendekeza kwa Kamati kwamba sehemu ya michango yetu ya mwaka huu tuitumie kumleta hapa muuguzi mkunga mara mbili kwa mwaka, azungumze na vijana wa kidato cha tatu na cha nne, na jioni azungumze na akina baba wa mtaa. Gharama yake haifikii bei ya zulia la ofisi.

Nanyi vijana, nina neno moja kwenu. Hapa mnafundishwa mapigo ya moyo katika somo la Baiolojia. Ni vizuri. Lakini wapo miongoni mwenu ambao nyumbani wameacha mama au dada mwenye mtoto mchanga. Jioni ya leo mkifika, mpokeeni mtoto kwa saa moja, mchote ndoo mbili za maji, na mumwache alale. Kwa kazi hiyo hamhitaji shahada.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ni kweli, lakini wahenga hawakukataza sisi wengine kuuliza.

Ndugu Mwenyekiti, pendekezo langu la nne liko mbele ya mkutano, na naomba lipigiwe kura.